Kisa korosho

Mama yule alinitambua kabla mimi sijamtambua. Ilikuwa mwezi wa saba, msimu wa ming'oko, vile viazi pori vyetu vya kuchemsha, nje ya stendi hapa Mtwara mjini, pale kina mama wanapokaa jioni na masinia yao. Nilitaka fungu la mia tano. Akawa ananifungia kwenye kipande cha gazeti, na huku kainamisha kichwa akasema, "Wewe si ndiye yule wa gazeti?"

Nikasema ndiye, shikamoo mama. Akaitikia marahaba. Akamaliza kufunga, akanipa mzigo wangu, akapokea hela, ndipo akasema, "Uliandika habari ya mwanangu."

Nimeyaandikia magazeti kutoka mkoa huu kwa miaka 21. Vijiji nilivyoviandika ni vingi, na kwanza nilidhani ni habari ya ajali, au ya mtoto aliyefaulu. Akataja kijiji. Bado sikukumbuka. Ndipo akataja maneno mawili, na miguu ikaniisha nguvu.

"Kisa korosho."

Naandika haya kwa ruhusa yake. Jina lake silitaji, kijiji sikitaji, na mambo kadhaa madogo nimeyageuza ili asitokee mtu wa kuunganisha. Gazeti nalo silitaji, kwa sababu mkono ulioandika ulikuwa wangu.

Ilikuwa miaka 9 iliyopita, minada ya korosho imeshaanza. Nilipata taarifa kwamba kwenye kijiji kimoja cha huko juu, uwanda wa Makonde, mkulima mwenye umri wa miaka thelathini na kitu amejiua. Sikwenda. Nauli ya kwenda na kurudi ilizidi malipo ya habari yenyewe. Sisi wa mikoani tunalipwa kwa habari iliyotoka, na wakati ule habari moja ilikuwa shilingi 10,000. Nikapiga simu polisi, wakathibitisha. Nikampigia mtu wa serikali ya kijiji, akasema marehemu alikuwa anadaiwa kangomba. Hayo yakanitosha. (Kwa msomaji wa mbali: kangomba ni ile biashara ya kumpa mkulima hela mkononi kabla ya msimu ili alipe kwa korosho, kwa bei ya kumkamua. Imekatazwa, lakini njaa ya mwezi wa pili haijui katazo.)

Nikaandika aya sita. Nakala ninayo kabatini, nimeitoa juzi na kuisoma nimesimama. Aya ya kwanza ina jina lake kamili, umri, kijiji, na namna alivyofanya. Ya pili inarudia namna hiyo kwa urefu, pamoja na kifaa na mahali. Ya tatu inaeleza nani alimkuta, na aliyemkuta ni mtoto wake. Ya nne polisi. Ya tano deni. Ya sita ni nasaha kwa wakulima waache kukopa. Mhariri Dar es Salaam akaweka kichwa: kitenzi, jina, halafu KISA KOROSHO.

Nilifurahi. Lazima niliseme hilo. Ilitoka ukurasa wa kwanza, chini upande wa kushoto, na mwandishi wa Mtwara kutokea ukurasa wa kwanza si jambo la kila wiki.

Huku kwetu watu wengi hawanunui gazeti, wanalisikia. Asubuhi redio zinasoma vichwa vya magazeti. Mtangazaji anakisoma kichwa kwa mbwembwe, anakirudia, mwenzake anaguna, wanahamia kwenye michezo. Hivyo ndivyo familia ile ilivyokutana na habari yangu. Ilikuwa siku ya tatu ya msiba, wageni wako kwenye mikeka, uji unagawiwa, na redio ya nyumba ya jirani ikatangaza jina la marehemu, namna alivyokufa, na korosho. Mama anasema watu wote walinyamaza. Kijana mmoja akakimbia kwenda kuizima, na baada ya hapo ikasikika vijiko tu.

Kabla ya hapo walikuwa wameshapita kwenye jambo gumu. Kulikuwa na minong'ono kama marehemu atasaliwa au hatasaliwa. Shehe wa pale alisimama akasema huyu ni wetu, tutamsalia kama tunavyowasalia wengine, akatangulia mwenyewe.

"Shehe alitufunika," mama aliniambia. "Wewe ukatufunua."

Sikuwa na la kujibu. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya sinia lake, na yeye akaendelea kuuza na kusema, kusema na kuuza. Deni lilikuwa laki moja na ishirini. Mjomba wa marehemu alikuwa ameshaongea na mwenye hela, wamekubaliana lilipwe kwa mafungu mawili. Lililomsumbua mwanawe lilianza mapema zaidi. Tangu mfungo wa Ramadhani alikuwa halali. Anatoka nje usiku, anakaa chini ya mwembe mpaka alfajiri. Chakula anakisogeza. Aliacha kwenda kwenye mpira, yeye aliyekuwa hakosi. Mara mbili alikwenda zahanati kusema kichwa kinamuuma, mara mbili akarudi na dawa ya maumivu.

"Alikuwa na mawazo," alisema. Ndiyo neno letu. Hospitali wanauita ugonjwa huo sonona, sisi tunasema fulani ana mawazo, na tukishasema hivyo tunadhani tumeshamaliza. "Mawazo yalikuja kabla ya deni, mwanangu. Ungeniuliza ningekwambia."

Halafu akaniambia la mjukuu. Yule mtoto aliyemkuta baba yake alipewa jina shuleni. Wenzake walimwita Kisa. Hakuna aliyepanga, jina lilitoka redioni likaingia darasani, na siku moja mwalimu, kwa kupitiwa, akamwita hivyo wakati wa mahudhurio. Mama alimhamishia huku mjini kwa sababu hiyo, chumba cha kupanga Magomeni, na ndiyo maana anauza ming'oko.

Usiku ule nilimpigia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, muuguzi huko Lindi, amesomea afya ya akili. Kwetu huku mtoto wa dada ndiye wako hasa, na sikuona mtu mwingine wa kumwambia. Nilisimulia yote. Nilitegemea atanipoza. Akasema, "Mjomba, nakutumia kitu. Kisome mpaka mwisho, halafu unipigie."

Kilikuwa kijitabu cha Shirika la Afya Duniani, WHO, cha waandishi wa habari, namna ya kuandika juu ya kujiua. Toleo la 2023, ambalo ni la nne. La kwanza lilitoka mwaka 2000. Mimi habari yangu ya kwanza gazetini ilitoka 2004. Nimekaa semina za uchaguzi, za ukimwi, za gesi, za stakabadhi ghalani, nimekula chakula cha mchana cha semina nisizoweza kuzihesabu, na katika zote sijawahi kumsikia mtu akikitaja. Nilikisoma usiku huo, na wiki zilizofuata nikawa nazisaka tafiti zenyewe moja moja, mpwa wangu akinieleza pale Kiingereza cha kitabibu kiliponishinda.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1774 Mjerumani Goethe alitoa riwaya ambayo mhusika wake mkuu, Werther, kijana aliyekataliwa katika mapenzi, anajiua. Vijana wakaanza kuvaa kama yeye, ikahofiwa kwamba wapo wanaomfuata hadi kaburini, na mji wa Leipzig ukaipiga marufuku. Ikabaki kuwa hofu tu kwa miaka 200, hadi 1974, mwanasosholojia wa Marekani, David Phillips, alipoamua kuhesabu. Alichukua habari za watu waliojiua zilizotoka ukurasa wa kwanza wa New York Times kuanzia 1947 hadi 1968, akazilinganisha na takwimu za vifo za nchi nzima. Baada ya habari kutoka, vifo vya kujiua viliongezeka. Habari iliyopewa uzito zaidi ilifuatwa na ongezeko kubwa zaidi, na ongezeko lilionekana hasa kule gazeti lilikosambaa. Akaliita jambo hilo kwa jina la yule kijana wa riwaya.

Ukurasa wa kwanza. Niliposoma hapo nilikiweka kijitabu chini nikatoka nje.

Mwaka 2020 watafiti walizikusanya tafiti za nchi mbalimbali na kuzipima kwa pamoja. Vyombo vya habari vikitangaza kifo cha mtu mashuhuri aliyejiua, vifo vya namna hiyo katika jamii hupanda kwa asilimia 13 hivi katika mwezi mmoja au miwili inayofuata. Na pale habari ilipoitaja njia aliyoitumia, vifo vya kutumia njia hiyohiyo hupanda kwa asilimia 30. Mkulima wetu hakuwa mashuhuri, najua. Lakini Phillips na waliomfuata wanaeleza kwamba anayeumizwa na habari ni yule anayejiona ndani yake: umri ule, kazi ile, shida ile. Mkulima wa korosho mwenye deni na asiyelala, huko Newala au Nachingwea, akisikia redioni kwamba mkulima wa korosho mwenye deni amejiua, anasikia nini? Anasikia habari yake, na mwisho wake umeshaandikwa.

Mfano ulionikaa zaidi ni wa Vienna, Austria. Treni za chini ya ardhi zilifunguliwa pale 1978. Katikati ya miaka ya 1980 watu waliojiua kwenye reli hizo waliongezeka ghafla, na magazeti yalikuwa yakiandika kila tukio kwa picha na vichwa vikubwa. Mwaka 1987 chama cha wataalamu wa kuzuia kujiua kiliwaendea wahariri na kuwaomba: msiweke mbele, msieleze namna, msitoe sababu moja. Wahariri walikubali. Ndani ya miezi sita vifo na majaribio katika treni zile vilishuka kwa zaidi ya asilimia 75, na havikurudi kule vilikokuwa. Reli ni zilezile, mji ni uleule. Wenzangu hupenda kusema sisi waandishi hatuna uwezo wowote, tunaandika tu. Wahariri wa Vienna walikuwa nao, na waliutumia kwa kupunguza maneno.

Nilipomsimulia mwandishi mwenzangu haya, mtu ninayemheshimu, alikunja uso. "Kwa hiyo tufiche? Watu wanakufa, sisi tukae kimya?" Swali la haki. Nilikuwa nimejiuliza hilohilo. Lakini kijitabu chote hakuna mahali kinasema tunyamaze. Watu zaidi ya 720,000 hufa kila mwaka duniani kwa kujiua, na kati ya vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Jambo la ukubwa huo haliwezi kukaa chini ya mkeka. Na kama ni kangomba inayotuuma, basi tuandike kangomba: nani anakopesha, kwa kipimo gani, chama cha msingi kimechelewesha malipo wiki ngapi, mkulima wa Tandahimba anakula nini mwezi wa pili. Niliweza kuziandika habari hizo zote bila kumtwisha marehemu. Sikuziandika, kwa sababu zingetaka siku tatu za kazi, na ile ilitaka simu mbili.

Nimefikiri sana juu ya Kiswahili chetu katika jambo hili. Kijitabu kimeandikwa na watu wanaohangaika na lugha zao. Waingereza, kwa mfano, wana kitenzi kinachomfanya aliyejiua aonekane mhalifu, na wanaombwa wakiache. Kitenzi hicho sisi hatuna. Tuna mambo yetu.

La kwanza ni kile kitenzi cha vichwa vya habari. Sitakiandika hapa, unakijua. Ndani ya neno moja kimebeba kifo na njia pamoja, kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili anaitangaza njia kabla hajataja hata jina la mtu. Tumekizoea hadi tunakitumia kwa matukio ambayo hata hatujaambiwa yalitokeaje. Kusema "amefariki kwa kujiua" kunaongeza maneno mawili tu.

La pili ni "kisa". Babu zetu waliposema kisa walikuwa na maana ya hadithi yenye mwanzo na mwendo, kisa na mkasa, kitu cha kukalia kitako. Magazeti yameligeuza neno hilo. Sasa linamaanisha sababu, tena sababu moja, tena ndogo: kisa wivu, kisa simu, kisa mtihani, kisa korosho. Linamwambia msomaji kwamba ipo njia fupi kutoka kwenye deni hadi kaburini, na kwamba mtu mwenye akili timamu kaipita. Wanaotibu wagonjwa hawa wanasema tofauti. Mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, sijawahi kumpokea mtu mwenye sababu moja." Kuna ugonjwa ambao haukutibiwa, kuna usingizi uliokosekana miezi, kuna maumivu, kuna pombe, kuna upweke, kuna msiba wa zamani, halafu linakuja hilo la mwisho ambalo wote tunaliona kwa kuwa ndilo lililo juu. Deni la laki moja na ishirini lilikuwa juu. Nililiokota, nikaondoka.

Kuna watafiti waliosoma magazeti tisa ya jimbo la Tamil Nadu, India. Habari zilizotaja mahali ambapo msomaji mwenye shida angepata msaada hazikufika 3 katika kila 100. Nikarudi kabatini kwangu. Kwa miaka yote nimeandika habari 14 za watu waliojiua, Mtwara na Lindi. Zilizotaja mahali pa kupata msaada ni sifuri.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike haya badala ya kuomba radhi kimyakimya na kuendelea.

Mwaka 2010, Vienna hukohuko, Thomas Niederkrotenthaler na wenzake walipekua mamia ya habari za magazeti ya Austria. Walitaka kujua kama kuna habari inayofanya kinyume, inayookoa. Ikapatikana. Ni habari ya mtu aliyefikia ukingo wa kutaka kufa, akapata namna ya kupita, akaendelea kuishi. Habari za aina hiyo ziliendana na kupungua kwa vifo. Waliuita uwezo huo kwa jina la Papageno, mhusika wa opera ya Mozart ya 1791, mtega ndege anayekata tamaa akidhani amempoteza mpenzi wake, na watoto watatu wanamkumbusha njia nyingine, naye anabaki.

Nilimpigia mpwa wangu nikiwa na furaha: basi kazi ni rahisi, tutafute waliopita, tuwaandike. Akanyamaza kidogo. "Mjomba, kwetu aliyepita ana kesi."

Nilikuwa nimesahau, mimi niliyekaa mahakamani miaka yote hii. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217: kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Mtu ambaye hadithi yake ingeweza kumshika mwingine mkono hawezi kuisimulia bila kukiri kosa. Aliyekufa tunaandika jina lake ukurasa wa kwanza, aliyepona anaficha. Magazeti yetu yamejaa nusu moja ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayoua. Majirani zetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, namba 226, na tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kinakwenda kinyume na katiba. Kwetu bado kipo, na natamani mbunge yeyote wa kusini akisimamie kama anavyosimamia bei ya korosho.

Kijana mmoja wa pwani alinikuta kwenye benchi tukisubiri kivuko cha Msanga Mkuu. Alikuwa amesikia kwamba ninauliza-uliza. Akanisalimu, akakaa, maji yakapita hapo mbele yetu kwa muda mrefu kabla hajasema.

"Mzee wangu, mimi niliwahi."

Nikamwambia pole, baba. Nikangoja.

"Huulizi nilifanyaje?"

Nikasema sitauliza.

Akanitazama. "Kila mtu huanza na hilo."

Alikuwa na miaka 21 wakati ule. Hospitali walimrudishia uhai wake, kisha akatolewa kitandani akapelekwa kituo cha polisi, akalala mahabusu usiku mbili na bandeji zake. Jalada halikuendelea, askari mmoja mtu mzima alimwita mjomba wake akamkabidhi, akasema mchukue, umtunze. Toka siku hiyo hajawahi kumwambia mtu nje ya ukoo. "Ukiweka jina langu wananirudisha kule," alisema, na nikamwahidi.

Mjomba yule ni mvuvi. Alihamisha mkeka wake akautandika kwenye mlango wa chumba cha kijana, kwa upana, mtu asitoke bila kumruka. Alilala hapo siku 40. Kila alfajiri kabla ya kuswali alimuuliza swali lilelile, bila kuzunguka: "Leo mawazo ya kutaka kufa yapo?" Kuna siku kijana alijibu yapo. Siku hizo mjomba hakwenda baharini, hata kama bahari ilikuwa shwari na wenzake wanamwita. Walikaa wanashona nyavu. Katikati ya wiki ya pili akampeleka hospitali tena, mchana, kwa mlango wa kawaida, akaanzishiwa dawa, akawa anarudi kila mwezi. Watu walisema maneno, kwamba sasa bado kumpeleka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma. Mjomba akawaambia kama Mirembe ndiko kwenye dawa yake tutakwenda Mirembe.

Wengi huogopa swali lile. Wanadhani ukimuuliza mtu kama anawaza kufa utakuwa umempa wazo. Tafiti zilizopima hilo hazikuona kwamba kuuliza kunamsukuma mtu. Wengine hupata nafuu kwa kuulizwa. Mvuvi yule hakusoma utafiti wowote. Kijana anasema hakumbuki siku mawazo yalipoondoka. Anakumbuka tu alfajiri moja mjomba aliuliza, naye akagundua jana yote hakuyawaza, akacheka, na mjomba akakaa chini pale mlangoni akalia.

"Bado huuliza?" nilimwambia.

"Mara moja moja. Nikiwa kimya sana."

Kivuko kikaja, tukapanda pamoja.

Baada ya hapo nilikaa nikaiandika upya habari ya miaka 9 iliyopita, kama ningepaswa kuiandika. Imetoka fupi:

"Mkulima mmoja wa mkoani Mtwara amefariki kwa kujiua. Ndugu zake wanasema kwa miezi kadhaa alikuwa hapati usingizi, na aliwahi kwenda kutafuta matibabu. Wataalamu wa afya wanasema kujiua hakutokani na sababu moja, na kwamba sonona ni ugonjwa unaotibika. Mtu anayesumbuliwa na mawazo ya kutaka kufa, au anayemwona ndugu yake katika hali hiyo, amwambie leo mtu anayemwamini, aende kituo cha afya kilicho karibu, au apige simu namba 199 ya Wizara ya Afya. Mtoto apige 116. Namba zote mbili ni bila malipo."

Nilimpelekea mama Magomeni, Ijumaa jioni, baada ya kumtumia salamu kwamba ninakuja na kwa nini. Mpwa wangu alikuwa amenionya: waliofiwa namna hii nao wanahitaji kuangaliwa, usiende kuwatonesha kwa ajili ya moyo wako wewe. Kwa hiyo nilimuuliza kwanza kama anataka kusikia. Akasema soma.

Nikasoma. Akataka nirudie. Nikarudia polepole. Alikuwa anamenya mihogo, akaiweka kando.

"Hapo yumo mkulima," alisema. "Yeye hayumo."

Nikamwambia, mama, jina nimeliondoa makusudi.

"Sisemi jina. Andika alikuwa anatengeneza baiskeli za watoto wa kijiji, hatozi. Andika alikuwa akipiga mluzi akirudi shamba, tunajua huyo anakuja. Andika alipenda ming'oko ya chumvi nyingi, nikimkemea anasema hii ndiyo yenyewe."

Giza lilikuwa limeanza kuingia na sikuiona karatasi vizuri. Akageuka akamwita mjukuu alete taa, akamwita kwa jina lake, lile alilopewa na baba yake, na mtoto akaitika kutoka ndani.